Usiku wa Jumatano

Ukitaka kujua umbali kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro hadi ule wa Edmonton, kule Kanada, simu itakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Kilomita elfu kumi na tatu, mia nane na ushei. Muda wa kuruka, saa kumi na saba na dakika zake. Nilisoma majibu hayo nikiwa kwenye cherehani yangu Majengo, mjini, sare za shule zimenijaa miguuni, nikayaamini kama ninavyoiamini tepu ya kupimia nguo.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba nimepigwa changa la macho. Hakuna ndege inayotoka Kilimanjaro ikaenda Edmonton moja kwa moja. Mtu fulani amepiga mstari ulionyooka juu ya dunia, akaugawa kwa mwendo wa ndege, akapata saa kumi na saba, akatuachia sisi wenye safari tuhangaike na zilizobaki. Safari yenyewe ilikuwa ni kupanda ndege ya usiku hadi Ulaya, kukaa pale kungoja nyingine, kisha kuruka tena mchana kutwa juu ya bahari na barafu. Na msafiri alikuwa mama yangu, ambaye mpaka siku hiyo mwisho wake wa dunia upande wa magharibi ulikuwa Arusha.

Nieleze kwanza kwa nini alikuwa anakwenda. Mdogo wangu wa pekee aliolewa akamfuata mumewe huko. Mume anafanya kazi kwenye machimbo ya kaskazini, anaingia kambini wiki mbili, anarudi nyumbani wiki moja. Mimba ya kwanza ya mdogo wangu, mama aliomba viza akanyimwa. Wakati ulifika kabla ya wakati, mume yuko kambini, na mdogo wangu akaenda hospitali peke yake akiwa ameishika simu, na mimi nikiwa upande wa pili wa simu hiyo. Nilikaa naye hadi simu ilipokatika. Mtoto hakuufikia mchana. Walimzika wao wawili, mtu na mkewe, kwenye theluji, na sisi tukatazama kwenye kioo kidogo kama watu wanaotazama taarifa ya habari.

Kwetu Uru, mlimani, mwanamke hajifungui peke yake. Akishajifungua, hagusi sufuria wala jembe kwa miezi. Mama yake anakuja, anamkanda kwa maji ya moto, anampikia mtori wa ndizi asubuhi na jioni, anawafukuza wageni wenye maneno mengi. Huo ndio uzazi. Mama alisikia uchungu wa kufiwa na mjukuu, lakini uchungu uliomkaa zaidi ni kwamba binti yake alitoka hospitali akaenda kujipikia chai. Alinitajia hiyo chai mara nyingi kuliko alivyotaja kaburi. Na habari ya mimba ya pili ilipokuja hakushangilia. Aliuliza tu viza inaombwa wapi, na mwaka huu wanataka nini ambacho mwaka ule hawakukipata.

Safari hii wakampa. Sijui waliona nini katika uso wake, labda waliona kwamba akinyimwa atarudi kesho yake, na kesho kutwa.

Kuanzia hapo mama akawa mtu wa mazoezi. Alikuwa ameniuliza mtu anakaa muda gani ndani ya ndege bila kutembea, nikamwambia ni kama kutoka kukamua ng'ombe asubuhi hadi kumkamua tena jioni, na anafanya hivyo mara mbili. Mama hajawahi kukaa chini muda huo isipokuwa akiwa mgonjwa. Basi akatoa kiti cha sebuleni, akakiweka uani karibu na mibuni, akaketi. Siku ya kwanza alishindwa hata kabla uji haujapoa, kwa sababu aliona kuku amepanda kwenye kahawa iliyoanikwa. Siku ya pili akafunga kuku. Majirani walipopita njiani na kumwona amenyooka kitini, mikono magotini, hasomi wala hachambui chochote, walidhani amepata habari mbaya. Aliwaambia yuko safarini, wamwache.

Pia alikuwa anakausha ndizi. Ilikuwa mwezi wa saba, mwezi wa ukungu na baridi, jua halionekani siku tatu, kwa hiyo alizimenya ndizi zake za mshare akazipanga juu ya dari la jikoni moshi wa kuni uzipitie, ili azisage unga wa mtori wa mwanawe. Nilimwambia Kanada kuna maduka. Akaniambia hana ugomvi na maduka yao.

Tuligombana kuhusu kiti cha magurudumu. Watu wenye wazazi wasiojua Kiingereza wanajua ujanja huu: unaandikisha kwamba mzee hawezi kutembea, basi wenye uwanja wanampokea mlangoni, wanamsukuma kutoka ndege hii hadi nyingine, hapotei. Mama alikataa. Mwanamke anayeshuka na kupanda mlima na mzigo wa majani kichwani, asukumwe kama amevunjika kiuno? Na watu wa Uru wakisikia? Nilipandisha sauti, naye akapandisha yake, maana hasira zangu sikuziokota barabarani. Mwisho akauliza huko Ulaya kiti kitakuwa kinasukumwa kuelekea wapi. Nikamwambia kuelekea kwa mwanao. Akasema basi atakaa.

Sasa inaingia kamati. Hakuna jambo linalofanyika mlimani bila kamati, na mwenyekiti wa kamati ya kumuaga mama alikuwa baba mdogo, mdogo wa marehemu baba yangu, mtu mwema anayependa sana kusimama mbele ya watu. Nilifanya kosa la kumwonyesha ile simu yenye saa kumi na saba, akaitangaza kikaoni kama mtu aliyeipima mwenyewe: shemeji yake ataruka saa kumi na saba tu, atakuwa amefika. Mama akauliza ndege hiyo inasimama wapi watu wajisaidie. Baba mdogo akasema maswali mengine yatajibiwa mwisho wa kikao.

Mdogo wangu ndiye aliyekata tiketi. Alinipigia akasema, "Dada, ni Jumatano usiku, saa sita na nusu." Nikawatangazia wote: mama anaondoka usiku wa Jumatano. Kamati ikapanga. Jumatano saa nane mchana, ibada fupi nyumbani, chakula, mbuzi mmoja, mtori wa kutosha, na mbege, pombe yetu ya ndizi. Jioni magari mawili yamsindikize uwanjani kwa nafasi, bila papara. Mbege ilipikwa kwa hesabu iive siku hiyo hiyo, kwa sababu mbege ikiiva leo haikungoji kesho kutwa. Mimi nikapewa kazi ya kushona gauni la safari, la kitenge, mikono mirefu kwa ajili ya baridi.

Jumanne alasiri nilikuwa chumbani kwangu Majengo nashona gauni hilo. Mkono mmoja nilikuwa nimeshaupachika, wa pili uko mezani. Mama mwenye nyumba wangu alitoka kuswali, akasimama mlangoni akanitazama. Ni bibi wa Pangani aliyeolewa huku zamani, akafiwa na mume, akabaki na vyumba vyake na Kiswahili chake. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, halafu akauliza mbona bado niko pale, mama yangu si anaondoka.

Nikamwambia ni kesho, bibi, usiku wa Jumatano.

"Basi ni leo," akasema. "Usiku wa Jumatano ni huu unaoingia sasa hivi. Wa kesho ni usiku wa Alhamisi."

Nilicheka. Nilijua anahesabu kwa namna gani, maana nimekaa kwake miaka. Kwa bibi, magharibi ikiadhiniwa siku mpya imeshaanza, usiku unatangulia na mchana wake unaufuata. Alhamisi jioni yeye huita usiku wa Ijumaa. Sisi wa mlimani siku yetu inaanza ng'ombe akikamuliwa asubuhi, na usiku ni mkia wa mchana uliopita. Nikaanza kumweleza hivyo, kwa adabu lakini pia kwa ule uvumilivu wa kujifanya ambao watu hawaupendi, kwamba hesabu hiyo ni ya msikitini na ya pwani, ndege hazihesabu hivyo.

Hakubishana. "Haya mwanangu. Kama ndege inahesabu kama nyinyi, heri."

Akaenda kuangalia maharage yake. Mimi nikabaki na mkono wa gauni mkononi na hilo neno la mwisho likinikera. Ndege inahesabu kama nani? Nikafungua tiketi kwenye simu. Nilikuwa nimeiona mara nyingi bila kuitazama. Jumatano, 00:30.

Nikaisoma tena kwa sauti. Sifuri sifuri. Mzungu siku yake inaanza usiku wa manane, watu wamelala, hakuna hata jogoo wa kushuhudia. Dakika thelathini tu za Jumatano zitakuwa zimepita, na mama anatakiwa awe angani. Huo ni usiku wa leo. Mdogo wangu alikuwa ameitafsiri saa kwa Kiswahili safi kabisa, siku hakuitafsiri. Na sisi sote, kamati nzima, tukamwelewa kama watu wa Uru.

Niliwakasirikia wote kwa zamu: mdogo wangu, waliobuni sifuri mbili, baba mdogo na mbege yake, na mimi mwenyewe. Halafu hasira ikaisha kwa sababu haikuwa na nafasi. Nilipiga simu ya mama ikaita hadi ikakata, kwani simu yake hukaa dirishani na yeye hukaa shambani. Nikampigia baba mdogo nikamwambia alete gari nyumbani sasa hivi, mama anaondoka leo. Akaanza kuniuliza nani amebadilisha ratiba. Nikakata, nikafunga gauni, mkono wake, sindano na uzi ndani ya kanga, nikachukua bodaboda. Bibi alinisindikiza hadi barabarani akiomba dua, na hakusema hata mara moja kwamba aliniambia.

Njia ya Uru ilikuwa na utelezi wa manyunyu, na kijana wa pikipiki alikuwa anataka kwenda taratibu kwa ajili ya usalama. Nilimwambia usalama wangu uko juu kule. Nilimkuta mama anakata majani ya ng'ombe kwenye migomba, miguu matope hadi magotini, kitambaa kichwani. Njia nzima nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia taratibu asije akapata shinikizo la damu. Yote yalinipotea.

"Mama, ndege ni leo. Leo usiku."

Alinitazama. Akachomeka mundu kwenye mgomba, akauliza, "Tuna muda wa kunawa?"

Hilo tu. Hakuuliza nani kakosea. Alinawa kwa maji ya baridi kwa sababu ya moto yangechelewa. Unga wake wa ndizi ulikuwa mashineni, haujafuatwa, nikamtuma mtoto wa jirani akakimbia. Mama akaingia zizini, akamwambia ng'ombe maneno ambayo sikuyasikia, akatoka akampa jirani maagizo: majani yapi, pumba kiasi gani, na kwamba akipiga teke ni kwa sababu umemjia kushoto. Sanduku lilikuwa nusu. Tukalijaza kwa kutupia.

Baba mdogo alifika na gari akiwa amevaa koti, na nilijua kwa jinsi alivyovaa kwamba amekuja na pendekezo. Alisimama mlangoni akasema kwamba jambo hili linazungumzika. Watu wamealikwa kesho. Mchungaji amealikwa kesho. Mbuzi kafungwa kule nyuma, na mbege haijaiva, itaiva kesho. Mdogo wangu aambiwe asogeze tiketi siku moja tu, shemeji aondoke kwa heshima, ameagwa, ameombewa, si kama mtu anayetoroka. Alisema haya kwa uchungu wa kweli. Mtu kuondoka kwenda mbali namna ile bila kuagwa, kwetu ni kama kumtupa.

Mama alikuwa anafunga vifungo vya gauni lenye mkono mmoja. Hakuacha kufunga.

"Shemeji," akasema, "wewe baki na mbege. Mimi mwanangu alijipikia chai."

Baba mdogo akaenda kuwasha gari.

Mkono wa pili wa gauni niliushona njiani, mama amekaa nyuma pembeni yangu, bega amenigeuzia, barabara ya Arusha inatutikisa. Taa ya ndani ya gari ilikuwa hafifu na uzi niliokuja nao haukufanana na kitambaa. Nilimchoma mara mbili. Alisema afadhali nimchome sasa kuliko aingie Ulaya na bega wazi. Tulipopita Boma la Ng'ombe nilikuwa nakata uzi kwa meno, na mimi ni fundi ambaye humfokea mwanafunzi wake akikata uzi kwa meno.

Uwanjani walikileta kiti cha magurudumu. Mama alikitazama kama mtu anayetazama farasi, akakaa, akanyoosha mgongo kama alivyokuwa akikaa kule uani kwake. Baba mdogo alianza kuomba, akakwama katikati ya sentensi ya kwanza, mama akaomba mwenyewe, maneno machache, akamalizia kwa kumwambia Mungu amlinde na ng'ombe. Kijana wa uwanja akaanza kumsukuma. Hakugeuka nyuma. Nililia pale bila aibu yoyote, na baba mdogo akaniachia bega la koti lake.

Jumatano watu walikuja. Tungefanyaje? Mbuzi alikuwa amechinjwa, mbege imeiva, na huwezi kuwapigia simu Uru nzima. Wakaja kumuaga mtu ambaye hayupo. Mzee mmoja alipoelezwa alisema asiyekuwepo na lake halipo, akaomba apewe fungu la nyama la msafiri. Wakacheka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu jana yake. Baba mdogo alisimama kwenye hotuba yake na kueleza kwamba kamati haikuchelewa, bali ndege iliwahi. Mchungaji aliomba kwa ajili ya safari njema, kisha akasita, akaniuliza kwa sauti ya chini msafiri atakuwa wapi kwa sasa, ili aombe mahali panapohusika. Nikamwambia Ulaya ameshaimaliza, sasa hivi anaruka kuelekea bahari kubwa. Akaombea bahari.

Nilikuwa naosha mikono nile wakati simu ilipotetemeka kiunoni. Ujumbe wa mdogo wangu ulikuwa mfupi: "Dada, chupa imepasuka."

Siku zake zilikuwa bado wiki mbili na zaidi. Kule kwao ndiyo kwanza kunapambazuka. Mumewe kambini, ameambiwa, anatafuta gari. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikaingia kwenye migomba ambako mtandao unakamata, nikampigia. Alikuwa ndani ya teksi. Sauti yake nilikuwa naijua, ilikuwa ile ile ya mara ya kwanza, ya mtu anayejikaza ili asimsumbue dereva.

"Mama yuko wapi?" akauliza.

Nikamwambia yuko juu ya bahari. Simu yangu ambayo ilijua kilomita zote kutoka hapa hadi kule haikujua namna ya kumfikishia mama neno moja. Alikuwa amekaa angani, mikono magotini, akidhani ana wiki mbili. Hakuna mtu wa kumwambia, na hata angeambiwa asingeweza kuongeza mwendo. Hapo ndipo nilipoielewa ile tiketi ya sifuri sifuri ilivyotaka kutufanya. Kama bibi wa Majengo angekuwa na adabu ya kunyamaza, saa hizo mama angekuwa pale uani anakula mbuzi wake, na magari mawili yanaoshwa kwenda kuipungia mkono ndege iliyokwishatua.

Nilijiapia kwamba simu hii sitaikata. Mara ile ya kwanza ilikatika yenyewe, na dakika ambazo nilikuwa napiga haipatikani bado zinaniamsha. Nikamwambia mdogo wangu akilazwa aiweke simu juu ya mto, asiseme kama hataki, ila ajue niko. Alifika hospitali, wakamlaza, wakamfunga mikanda yao ya kumsikiliza mtoto tumboni. Uchungu ulikuwa unakuja na kuondoka. Kila ukiondoka anauliza mama yuko wapi, na mimi napiga hesabu na kumjibu. Yuko juu ya barafu sasa. Ameanza kuiona Kanada. Nilimwambia ukweli niliokuwa nao, na pale ambapo sikuwa nao nilisema kwa sauti ile ile.

Betri ilianza kwisha jua likiwa linazama. Nikamwita baba mdogo. Alikuja na kichajio cha mkononi cha mwanawe, akakichomeka, akakaa kwenye gogo karibu yangu akikishika ili waya usichomoke, koti lake kwenye unyevu wa migomba. Hakuuliza maswali wala hakutoa hotuba. Wageni walikuwa wameambiwa, lakini hakuna aliyeondoka. Nilisikia wanawake wameanza kuimba taratibu upande wa jikoni, na mbege, kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo wetu, ikalala kwenye mapipa bila mnywaji.

Giza lilishaingia muda mrefu wakati simu ya baba mdogo ilipoonyesha kwamba ndege imetua. Kuna mwanamke wa Bukoba, rafiki wa mdogo wangu, aliyekwenda kumpokea mama ampeleke moja kwa moja hospitali, naye akaandika kwamba yuko mlangoni pa uwanja anangoja. Tukangoja naye. Abiria wengine wakatoka, mama hakutoka. Mdogo wangu uchungu ulikuwa sasa haumpi nafasi ya kuuliza. Nilikuwa naongea peke yangu, habari za ng'ombe, habari za mzee aliyedai fungu la nyama, chochote.

Baadaye, mtoto akiwa ameshazaliwa mzima, wa kike, na mama ana nafasi ya kusimulia, ndipo tulipojua kilichomchelewesha. Maofisa wa uwanja walikuwa wamelifungua sanduku wakakuta unga, wakataka kujua ni unga wa nini, nani ameusaga, una mbegu ndani au hauna. Mama hakuelewa hata neno moja, lakini alielewa kwamba jambo hili linataka muda. Akainuka kwenye kiti cha magurudumu, mbele ya kijana aliyekuwa akimsukuma kwa huruma toka ndegeni. Akachora kwa mikono tumbo la mja mzito, akalionyesha lile sanduku, akafanya ishara ya kuwapa: lote, chukueni. Kisha akatembea kwenda mlangoni kwa miguu yake. Wakamkimbilia kumrudishia pasipoti.

Mimi sikujua lolote kati ya hayo. Mimi nilikuwa kwenye migomba, nimeishika simu kwa mikono miwili, nasikia mashine ya hospitali inalia kwa mpigo, nasikia mdogo wangu anahema, muuguzi anasema kitu. Nilikuwa namwambia, nipo mdogo wangu, nipo, siondoki. Halafu nikasikia mlango. Nikasikia viatu, na maneno ya Kichagga yanayosemwa kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya mtu anayeingia jikoni na kukuta moto unataka kuzimika.

Nilitaka kubaki. Nilitaka kusikia mama atasema nini, mdogo wangu atalia vipi, na kile kilio cha tatu, cha mtoto, kikija nikisikie kwa masikio yangu. Nilikuwa na haki hiyo, nilikuwa nimeikalia tangu mchana.

"Dada," mdogo wangu akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Dada, unaweza kukata sasa. Mama ameingia."

Nikakata.